Kadi ya Grafiksi Imeninyima Usingizi Wiki Nzima

Jamani, kadi moja ya grafiksi, hiki kipande cha kompyuta kinachotoa picha kwenye kioo, inaweza kumtesa mtu kiasi hiki? Niko Nyakato, Mwanza, mteja wa Kirumba anasubiri bango lake la kuuzia sato, na mimi nimekodolea macho kioo cheusi. Saa sita usiku! Nimebadilisha waya wa kioo. Nimesugua meno ya kadi kwa kifutio. Nimefuta draiva, ile programu ya kuiendesha kadi, nikaweka mpya, nikarudisha ya zamani. Wapi! Nikifungua mchoro wenye tabaka ishirini tu, puu, giza.

Na kila unayemuuliza: "Zima, washa." Ndugu yangu, nimezima na kuwasha mpaka swichi imelegea!

Jana ndipo nikaweka GPU-Z, programu ya bure kabisa ya kukagua kadi ya grafiksi. Boksi la kadi linasema ni modeli ya GTX 1050 Ti, kumbukumbu GB 4. Programu inasema kadi ni bandia. Yaani ndani mna chipu ya miaka mingi nyuma, wamechezea BIOS yake, yaani programu ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe, ili kompyuta isome jina kubwa. Sasa draiva ya 1050 Ti itaelewana nayo vipi? Programu hiyo inazitambua kadi za namna hii tangu 2018, na ni kazi ya dakika chache. Kwa nini muuzaji hakuifungua mbele yangu? Haraka ya nini? Nyie wenzangu mnaounga kompyuta za mtumba nyumbani, wangapi mmelizwa hivi?

Kesho asubuhi nabeba kadi, boksi na risiti hadi kaunta kwake. Nataka hela yangu.