Kontroli Boksi Likibadilishwa: Kuprogramu Upya au Kunakili la Zamani?

Fundi wa Kampala akithibitisha kwamba kontroli boksi la gari, yaani kompyuta inayoendesha injini, limekufa, mwenye gari huambiwa mambo mawili: lililotumika linapatikana katika soko la spea la Kisekka, na kulifunga peke yake hakutoshi. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990 kulitosha. Ukilinganisha namba ya spea kwenye lebo, ambayo mara nyingi huanza na 89661, ukachomeka plagi, injini iliwaka. Imobilaiza, kinga ya kielektroniki dhidi ya wizi wa gari, ndiyo iliyobadilisha mambo, kwani sasa boksi hukumbuka funguo za gari lake, na katika modeli nyingi namba ya chesisi pia, hivyo likikutana na ufunguo lisioujua huzuia injini kuwaka.

Njia ya kwanza ni kuliprogramu upya kwa mashine ya kampuni iliyotengeneza gari, ambayo huingiza programu ya chesisi hiyo na kusajili funguo. Wanaoitetea husema kwamba hapo uhalali wa umiliki hukaguliwa kabla ya kazi, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, magari yetu mengi yalinunuliwa yakiwa yametumika, yakiwa yametengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo njia hii si rahisi kwayo, na bei ya boksi jipya kwa gari la miaka 12 humfanya mtu afikirie kuliuza gari lenyewe.

Njia ya pili ni kunakili: fundi hufungua maboksi yote mawili, husoma chipu ya kumbukumbu ya lile la zamani, kisha huandika yaliyomo katika lililonunuliwa, mradi namba za spea zilingane. Funguo zile zile huendelea kufanya kazi, na kwa gari la dizeli hata namba za nozeli (vipulizia mafuta), zile zilizochapishwa juu ya kila nozeli, zinaweza kuhama pamoja na data. Kwa maoni yangu hii ni kazi ya heshima, na si haki kuiita ya wizi kwa sababu tu inafanyika kwenye meza ya mbao. Udhaifu wake ni kwamba chipu iliyoungua haisomeki, na iliyoharibika nusu hupeleka makosa yake kwenye boksi la pili. Ninachokipinga waziwazi ni fundi anayeshindwa kuisoma kisha akaiua imobilaiza kabisa bila kumweleza mwenyewe, kwa maana gari hilo linabaki bila kinga ambayo mteja anaamini bado anayo. Na fundi anayenakili naye anapaswa kudai kadi ya gari kabla ya kushika bisibisi.

Katika njia zote mbili, volti zikishuka katikati ya kuandika, boksi linaweza kufa hapo hapo. Betri iungwe na chaja imara, si jenereta inayoyumba.

Lakini kosa linalowagharimu watu zaidi hutangulia hayo yote. Boksi mara nyingi huuawa na kitu kingine: koili iliyopiga shoti, altaneta inayochaji kupita kiasi, au maji ya kuoshea injini kwa presha. Sababu hiyo isipotafutwa, la pili litaungua vilevile. Ndiyo maana boksi la zamani, hata likiwa limekufa, lisiachwe gereji: chipu yake ikisomeka, ndiyo itakayotumika kuandaa la tatu.