Neno la kutohoa halina kosa: siasa za Kiingereza katika Kirusi

Februari 2023 Urusi ilirekebisha sheria ya lugha ya dola: katika matumizi rasmi, neno la kigeni lisitumike ikiwa Kirusi kina lake lililozoeleka. Watetezi wa sheria hiyo wana hoja. Kuna haja gani ya kuandika neno la kigeni elektorat wakati izbirateli, wapiga kura, linaeleweka na kila mtu? Raia asiyeelewa tamko la serikali hawezi kulihoji.

Hata hivyo, wafasiri wanaotohoa, yaani wanaochukua neno la kigeni na kuliandika kwa matamshi ya Kirusi, wanalaumiwa kupita kiasi. Chukua impichment, kutoka impeachment ya Kiingereza, kura ya bunge ya kumshtaki rais. Katiba ya Urusi ya 1993 ina otreshenie ot dolzhnosti, yaani kuondolewa madarakani, na wengi wangependa litumike hilo. Lakini huko Marekani, Baraza la Wawakilishi likipiga kura hiyo linakuwa limemshtaki rais tu; hukumu ni ya Seneti. Donald Trump alishtakiwa hivyo 2019 na 2021, na mara zote mbili Seneti haikumtia hatiani. Hapo neno la Kirusi linatoa habari ya uongo.

Balaa zaidi ni neno la Kirusi sderzhivanie, kuzuia, kwa sababu linapita bila mtu kushtuka. Kiingereza kinatenganisha containment, sera aliyoieleza mwanadiplomasia wa Marekani George Kennan mwaka 1947 ya kuuzuia Usovieti usipanue ushawishi wake, na deterrence, kumfanya adui asithubutu kushambulia kwa kujua kitakachompata. Ya kwanza hukubana hata kama huna nia ya vita. Ya pili hukuacha ulivyo, mradi usishambulie. Kirusi huziita zote sderzhivanie, na waraka wa Urusi wenyewe wa sera ya nyuklia wa 2020 ulitumia neno hilohilo kwa maana ya pili. Basi NATO ikisema inaimarisha deterrence dhidi ya Urusi, tafsiri ya moja kwa moja huwa sderzhivanie Rossii, kuizuia Urusi, na msomaji wa Moscow anaelewa kwamba nchi yake inabanwa.

Ustrashenie lingetenganisha maana hizo, ila limetoka kwenye strakh, hofu, na humfanya msemaji asikike kama anatoa vitisho. Njia inayofaa ni kubadili kinachozuiwa: sderzhivanie agressii, kuzuia uvamizi. Mhariri atalalamika kwamba mfasiri ameongeza neno ambalo halimo. Mfasiri asiliondoe: bila hilo, sentensi inatangaza sera nyingine.