Tumekilaza Makusudi

Mume wangu alipostaafu uhasibu aliapa kwamba hatakaa barazani kungojea habari za misiba ya wenzake, na badala yake akachukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake akanunua yoti ya futi 32 kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa amechoshwa na bahari. Tangu hapo tumekuwa tukitembea pwani ya Kenya kwa tanga, Kilifi hadi Mtwapa, Mtwapa hadi Mombasa, na msimu ukiwa mzuri tunateremka hadi Wasini, yeye akiwa nahodha na mimi nikiwa mpishi, baharia, mfua maji ya ngama na, kila mambo yanapoharibika, abiria.

Kisa hiki kilitokea wakati wa demani, kusi ikiwa imepoa, tulipokuwa tumetia nanga katika ghuba ya Funzi, mahali penye mikoko mingi na mafungu ya mchanga mengi zaidi. Nilifundisha jiografia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu nami, kwa hiyo usiku ule nilipouona mwezi mpevu ukichomoza nilimweleza mwenzangu kwamba siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, katika pwani yetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, na kwamba maji hayo hushuka kwa zaidi ya mita 3, ilhali mkuku wetu, ule uti wa chini ya chombo, unazama mita moja na nusu. Mtu anayetaka kutoka Funzi bila kugusa mchanga, nikasema, ama ang'oe nanga kabla ya jua au angoje jioni. Alinisikiliza kwa heshima ile ambayo mtu humpa mwenzake anayemsimulia ndoto. Yeye alitaka kuondoka saa kumi na mbili, baada ya chai, ili umande, ule upepo wa asubuhi utokao nchi kavu, utusukume hadi nje bila kuwasha mtambo, kwa sababu dizeli ina bei na upepo hauna.

Tukaondoka. Tanga lilijaa vizuri, nahodha akashika usukani akivuma qasida, na hatukufika mbali mkuku ulipogusa mchanga, taratibu sana, bila hata kishindo cha kumfanya mtu apige kelele. Mtambo uliokuwa umekusudiwa kupumzika uliwashwa kwa haraka, ukakoroga tope na kutubakiza palepale. Nilitumwa omo, mbele kabisa, ili uzito wangu uinue shetri kule nyuma, jambo ambalo nilisema na ninaendelea kusema kwamba lingeweza kuombwa kwa maneno mengine. Kisha alishuka katika mtumbwi wa mpira akapeleka nanga kwenye kina, akaivuta kamba hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na kitu pekee kilichosogea kilikuwa maji, nayo yalikuwa yakienda zake.

Kufikia saa mbili tulikuwa tumeanza kulala upande wa kushoto. Jiko la yoti huning'inizwa ili libaki sawa chombo kinapoyumba, lakini fundi aliyelibuni hakuwazia chombo kilichojilaza kabisa. Lilibembea hadi likagonga kabati likakwama, na sufuria ya mbaazi za nazi ikaendelea na safari peke yake hadi katika kitanda cha nahodha. Vitabu, viatu, dira ya akiba na mahamri vilikutana katika pembe moja. Ukuta ukawa sakafu, na mlango ukawa tundu la kupandia. Choo sitakieleza.

Saa nne fungu lote lilikuwa kavu, na sisi tulikuwa juu yake mchana kweupe, mlingoti ukielekea mikokoni. Wanawake waliokuwa wakienda miambani na vijiti vyao kutafuta pweza walipita karibu na, kama watu wenye adabu, hawakuweza kupita nyumba ya mtu bila salamu. "Hodi wenyewe!" wakaita. Nilitokeza kichwa nikajibu karibuni, ingawa palikuwa hapana mahali pa kumkalisha mgeni wala pa kukaa mwenyeji. Watoto nao walikuja wakalisoma jina la chombo, silabi kwa silabi, vichwa vikiwa vimelazwa mabegani: "Sta-re-he."

Baada yao akaja mzee mmoja, suruali ameikunja magotini, akakizunguka chombo polepole mikono ikiwa nyuma.

"Sabalkheri, nahodha."

"Aheri, mzee wangu."

"Mmepwelewa?"

Hapo mume wangu, ambaye kwa miaka yote aliyofanya kazi hakuwahi kusaini hesabu asiyoiamini, alijinyoosha kadiri mteremko ulivyomruhusu akasema, "La, mzee. Tumekilaza makusudi. Twataka kukisafisha chini."

Ulikuwa uongo uliofikiriwa, nakiri. Manahodha wa mashua na majahazi wa pwani hii wamekuwa wakivilaza vyombo vyao ufukweni siku za bamvua tangu zamani, wakavikwangua na kuvipaka deheni, yale mafuta ya kulinda mbao, kabla ya maji kurudi, kwa hiyo jambo alilolitaja lilikuwa la heshima, tena la kistadi. Ila mwezi uliotangulia tulikuwa tumekipandisha nchi kavu Kilifi, kikapakwa chini rangi nyekundu yenye shaba ya kuzuia chaza na mwani wasishike, mikono mitatu kamili, kwa bei ambayo niliijua siku nilipoikuta risiti ndani ya kiatu chake cha Idi.

"Makusudi," mzee akarudia. "Basi mbona mko wawili tu, na maji yatarudi? Haitakuwa wageni wahangaike na sisi tunatazama." Akageuka, akapiga mbinja.

Vijana walitokea sijui wapi, wengine na mapanga, wengine na makumbi ya nazi, na bila mjadala wakauvamia ubavu wa kulia uliokuwa juu. Vumbi jekundu likaruka. Niliwaita watoto wakae kwangu, upande upepo unakotoka, kwa vile shaba si kitu cha kuvuta puani, nikawagawia yale mahamri yaliyonusurika.

"Taratibu, jamani," nilimsikia nahodha akisema kwa sauti nyembamba.

"Usiwahurumie," mzee akamjibu. "Wana nguvu." Kisha akainama, akapitisha kidole. "Lakini chombo chako hakina hata chaza mmoja. Naona rangi tu."

"Ni rangi ya zamani, mzee."

"Yanukia mpya."

"Ya zamani, lakini ilikuwa nzuri."

Alinitazama. Ndoa yetu ni ndefu, na nilielewa kwamba ananiomba nizue homa, au nyoka, au simu ya dharura, chochote cha kuwasimamisha wale vijana bila yeye kuyala maneno yake. Nikaukumbuka mwezi mpevu na jinsi alivyonisikiliza, kisha nikaonyesha kwa mkono. "Na pale nyuma, karibu na usukani, bado kidogo," nikasema. Wakapashughulikia.

Walikataa ujira, maana msaada hauuzwi, lakini wali, chai na pesa ya soda havikuwa ujira, na vyote vilikwenda kwa wingi. Wanawake walirudi kutoka miambani wakaniachia pweza mmoja. Maji yalipoanza kurudi, mimi nilifunga madirisha na kila tundu, kwa kuwa chombo kilicholala hivyo kinaweza kujaa maji kabla ya kuinuka, na vijana wakaweka mabega yao chini ya ubavu. Saa tisa Starehe ikatikisika, ikasimama, ikaelea, nyekundu upande mmoja na upande wa pili ikiwa imenyonyolewa hadi rangi ya kijivu ambayo sikuwahi kujua kwamba tunayo.

Tulikuwa tumeshatweka tanga mzee alipoingia majini hadi kiunoni ili sauti yake itufikie. Uso wake haukuwa umecheka tangu asubuhi, na wala haukucheka sasa.

"Nahodha! Bamvua lijalo mkilaze upande wa pili! Ubavu wa kushoto bado haujasafishwa!"

Mume wangu aliutazama usukani kwa muda, kisha akainua mkono.

"Inshallah, mzee wangu."