Bati la Dada Limetutajirisha Bila Taarifa

Jamani, naomba kuuliza: utajiri huwa unamwingia mtu kupitia wapi? Maana mama yangu, mjane wa huko Kwale, mwenye leso mbili za kutokea na redio inayoshika stesheni moja tena kwa kupigwa kofi, keshaambiwa na mtambo wa bima ya afya kwamba si maskini kihivyo. Na aliyemponza ni bati.

Dada yetu alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Pesa ya kwanza aliyotuma akasema mama atolewe kwenye makuti. Tukaezeka. Masika yakaja, mama akalala bila sufuria kitandani kukinga maji. Tukashukuru Mungu, tukasoma na dua. Hakuna aliyetunong'oneza kwamba lile bati siku moja litatoa ushahidi dhidi yetu.

Bima ya afya ya zamani ya serikali ya Kenya, NHIF, ilikuwepo tangu 1966. Ilipofika Oktoba 1, 2024 ikazikwa, ikaingia mpya kwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Kwa mwenye mshahara hesabu ni nyepesi ingawa inauma: asilimia 2.75 ya mshahara wote, kabla hata haujaonja. Kakangu anapata 100,000. Zamani alikatwa 1,700, sasa ni 2,750. Kila mwisho wa mwezi hunipigia simu kulalamika kana kwamba hizo pesa zinaletwa kwangu.

Lakini yeye afadhali, anajua anachokatwa. Sisi wa jua kali zamani tulikuwa 500 kwa mwezi, wote sawa, mimi na cherehani yangu na jirani mwenye matatu mbili. Haikuwa haki, lakini ilieleweka. Sasa kwa kuwa hatuna karatasi ya mshahara, mapato yetu yanakisiwa kwa maswali. Ukuta wa nini? Sakafu? Choo? Unapikia kuni au gesi? Ukimaliza kuungama, mtambo unatoa hukumu. Wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi, nami 300 sina neno nayo. Neno liko kwenye kulipa: unalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600 ukiwa wa mwisho kabisa kwenye foleni ya umaskini. Mtu anayenunua sukari ya kupimiwa kwenye karatasi unamwambia alipe mwaka! Tukanung'unika, ukaletwa mkopo wa kulipia pole pole. Yaani nikope leo nikiwa mzima, ili siku nikiugua nisije nikadaiwa. Nilipomweleza mama akauliza kama huyo aliyebuni ana watoto.

Nisiwe mchoyo wa haki. Ukishajisajili, zahanati na kituo cha afya cha ngazi ya 2 na ya 3 unatibiwa bila kulipa. Hiyo inatoka kwenye mfuko wa afya ya msingi. Ukiwa na homa, mafua, kidonda, nenda. Tatizo magoti ya mama hayajui ngazi. Yeye na presha yake wameamua kuumwa kuanzia hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu.

Nikasema basi mama nimtie kwenye bima yangu. Haiwezekani. Kwangu mimi ni mke na watoto. Aliyenizaa si mtu wa nyumbani kwangu, yeye ni kaya yake mwenyewe: kaya ya mtu mmoja na mbuzi.

Hao mbuzi ndio wametumaliza.

Alikuja binti mmoja wa afya ya jamii, mpole, shikamoo yake ya kupiga magoti. Mama akampenda palepale, akamtandikia mkeka, akamletea maji kwenye bilauri ya wageni. Binti akatoa simu.

"Bibi, nyumba yako ni ya nini?"

"Ya kukaa."

"Ninamaanisha kuta."

"Udongo."

"Na juu?"

Mama akainua uso kwa fahari ambayo sijawahi kuiona hata siku ya harusi yangu. "Bati. Geji thelathini. Mwanangu ndiye kaniletea."

Nikakohoa. Mama akanigeukia mbele ya mgeni: "Wewe, ile dawa ya kikohozi uliinywa?" Nikakohoa tena kwa nguvu zaidi. Akamwambia binti, "Huyu tangu utotoni kifua chake hakina maana. Mwandike na yeye."

"Mbuzi mnao, bibi?"

"Wapo."

"Wangapi?"

Kimya. Kwa mama mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Ukiihesabu, umeiita hasara kwa jina.

"Wanatosha," akasema.

"Hapa panataka nambari, bibi."

"Andika unayoipenda."

Binti naye mwaminifu wa kazi, akainuka akaenda zizini kuhesabu mwenyewe. Sasa asubuhi ile mama alikuwa amemwaga maganda ya muhogo nyuma ya nyumba, na mbuzi wa kijiji kizima walikuwa kwenye karamu. Wakahesabiwa. Wakaandikwa wetu wote, hadi beberu wa imamu. Nikataka kusema kitu, mama akanikata jicho: mwanamume mzima unasimama kutaja idadi ya mbuzi mbele ya watu? Jibu la mtambo likaja, na ule mchango tuliopangiwa mimi sishoni hata msimu wa Idi. Mama alipousikia akatabasamu. Akasema kumbe serikali inamheshimu.

Nikajiliwaza na Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wanyonge pesa. Pale kuna 2,000 kwa mwezi kwa mzee, na tangu 2018 mlango ulifunguliwa kwa kila aliyetimiza miaka 70 asiye na pensheni. Nikasema mama asipopata huyu nani apate? Kumbe kitambulisho chake kimeandikwa amezaliwa 1959. Kwa hiyo bado kijana. Enzi zile mlikwenda kwa chifu, karani anakutazama usoni, anakadiria, anaandika. Mama usoni alijaaliwa. Siku ya Uhuru, Desemba 1963, mama alikuwa zamu ya kupika pilau ya ngoma ya usiku, hadi leo anataja ni nani aliyeiba minofu. Kwa kitambulisho alikuwa na miaka minne. Mtoto wa miaka minne, na mwiko wa sufuria ya harusi mkononi!

Ingeniuma kidogo tu lau mambo yangeishia hapo. Lakini mama ana mdogo wake, mama mdogo, ambaye mama mwenyewe alimbeba mgongoni. Yeye siku hiyo kwa chifu alikuwa ametoka kuugua, uso umekwisha, karani akamwonea huruma akamwandikia 1948. Basi mama mdogo anachukua elfu mbili zake. Siku pesa zikitoka humwoni kwa wakala mapema, anatangulia kupita kwetu, kajitanda leso mpya, anasimama mlangoni: "Hebu mtoto, nipe shikamoo yangu, nina haraka."

Na kupokea kwenyewe kuna mitihani. Mtambo unataka alama ya kidole, na kidole cha mtu aliyepalilia mihogo miaka yote hiyo hakina tena mistari. Wakala anakifuta, anakipaka mafuta, anakipuliza, anajaribu cha pili. Wazee wamepanga foleni wanasugua vidole kwenye leso wakisoma Ayatul Kursi. Nje wanasubiri wadai: mwenye duka, mwenye maji, na mjukuu aliyekuja ghafla kumjulia bibi hali.

Tumeamua kurekebisha kitambulisho. Nikampandisha mama matatu hadi kwa mhusika mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu nitarudi kwake. Akatusikiliza vizuri, akaangalia karatasi, akasema hana shaka, mama ni mzee, hata kipofu ataona. Ila anahitaji ndugu mwenye umri mkubwa kuliko mama, aliyekuwepo mama akizaliwa, aje aape na kitambulisho chake mkononi.

Ukoo mzima umebakiwa na mmoja tu wa namna hiyo. Nimeshamwendea. Mama mdogo amesema hana tatizo kuapa kwamba alikuwepo, na kwamba mama alikuwa mtoto msumbufu sana, mwenye kulia usiku. Ila anataka elfu mbili za mwezi wa kwanza, nauli ya kwenda na kurudi, na mama amsalimie vizuri mbele ya mhusika.

Elfu mbili na nauli mama amekubali.