Zima, halafu sikiliza

Jumamosi usiku mdogo wangu mmoja wa mtaani kaja na laptopu kwapani, uso umemshuka. "Kaka, mbona haigongi?" Nikafungua faili la wimbo wake. Njia 87, yaani sauti 87 zilizorekodiwa kila moja peke yake! Ngoma ya dakika tatu na nusu, pedi nne (zile sauti laini za kinanda za kujaza nyuma) zinacheza kodi ileile, yaani noti zilezile zinazopigwa pamoja, kiki tatu za dramu zimerundikwa kwenye pigo moja, na kila njia ina plagini yake ya mwangwi.

Iliniuma, maana huyu kijana ana sikio. Ila kila video ya mafunzo anayoifungua inamwambia aongeze. Kiitikio hakinyanyuki? Ongeza safu. Besi nyembamba? Ongeza nyingine chini yake. Hajawahi kukutana na mtu wa kumwambia atoe.

Tukaanza kuzima, moja moja. Kiki zote tatu zilikuwa na uzito kwenye hezi 50 mpaka 60, palepale besi ilipokaa. Mawimbi hayaendi pamoja, moja linapanda wakati jingine linashuka, basi yanakulana. Koni ya spika ni moja, haiwezi kwenda mbele na kurudi nyuma kwa mkupuo. Kinachobaki limita, plagini inayozuia sauti isivuke kiwango, inakikandamiza, naye kijana akisikia kimepoa anapandisha sauti, limita inakandamiza zaidi. Tukabakiza kiki moja, besi tukaifundisha kunyamaza kila kiki inapopiga. Dirisha likatetemeka. Kijana akaweka kiganja juu ya meza, akakiacha hapo mpaka ngoma ikaisha.

Chukua Roland TB-303, mashine ndogo ya besi: ilitoka 1981 ishike nafasi ya mpiga besi. Haikuuzika, mwaka 1984 ikaacha kutengenezwa, ikawa kitu cha mtumba. Inatoa noti moja kwa wakati, kodi haijui. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture wakaiokota, wakaiwekea dramu, na rekodi yao ya 1987 inakwenda zaidi ya dakika 10 kwa karibu mstari uleule, huku mkono ukizungusha swichi taratibu. Muziki wa asidi (acid house), wa kuchezwa klabuni, umetoka hapo.

Na kwetu je? Sanduku, besi ya kidumbaki (muziki wa harusini) kule Unguja, lina uzi mmoja na fimbo. Nimewahi kukaa nyuma ya mpiga sanduku harusini. Vidumbaki vinachemka, fidla inalia, yeye anavuta uzi, anauachia, anatulia. Nyonga za akina mama zilikuwa zinaingia pale anapotulia.

Mtaniambia singeli. Haya, singeli inapita mapigo 200 kwa dakika na pa kupumua hapaonekani, nakubali. Lakini hesabu kilichomo kwenye biti nyingi za studio ya Sisso pale Mburahati, Dar es Salaam: kipande kifupi kinachozungushwa, dramu, na mwendo.

Ukipunguza njia, kompyuta nayo inapumua, na mwimbaji anapata pa kukaa. Ila kinachonigusa zaidi ni woga. Unatunga mdundo mzuri saa nne usiku, kufika saa nane umeanza kuuonea haya, unaufunika. Nimefunika midundo yangu mingi namna hiyo, na mingine siwezi tena kuipata chini ya vyote nilivyoiwekea.

Faili lake sasa lina njia 11. Kuna zumari moja anaitaka irudi kwenye ubeti wa pili. Nimemwambia ailalie siku tatu kwanza.