Anatomia ni kukariri tu? Ushahidi ninao: sapu

Juzi usiku kwenye kundi letu la WhatsApp kijana mmoja katuma desa, yaani notsi fupi za kukariri, la kurasa 40, chini akaandika: "Wakuu, anatomia ni kukariri tu, mengine mbwembwe." Vidole gumba vikamiminika. Nikazima simu, nikatoka nje kupunga upepo wa ziwa, maana ningeandika neno baya.

Nina haki ya kukasirika. Nimekaa wodini miaka sita kabla ya kurudi kusomea uzamili wa upasuaji, na mtihani wa kwanza wa anatomia niliupigia msuli hivyohivyo, kwa desa, hadi jogoo wa Igogo wakawika. Kwenye desa ateri ni nyekundu, vena bluu, neva njano kama ndizi mbivu. Naingia chumba cha mtihani, formalini, dawa ya kuhifadhia maiti za kujifunzia, inachoma macho. Kituo cha tatu: mkono umelazwa kifudifudi, pini imechomekwa kwenye kitu kama uzi. Rangi? Ya nyama iliyochemshwa jana, kama kila kitu kingine pale. Kengele ikalia sijaandika hata herufi. Sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Na uzi wenyewe ulikuwa neva ya radiali! Ile inayozunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, imeulalia kabisa. Vijana wangapi wa bodaboda nimewapokea, mfupa huo umevunjika katikati, kiganja kinaning'inia, "dokta, mkono haunyanyuki"? Ila sikuwahi kuifuata kwa kidole changu toka kwapani hadi kiwikoni. Jina nilikuwa nalo, inapokaa sikujua.

Jumamosi nikaenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kununua sangara. Mama anayenipasulia alichana tumbo mara moja, akaweka kisu chini, akaingiza vidole viwili na kulibandua bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki, taratibu toka chini ya uti wa mgongo. Lilitoka zima. Nikamuuliza kwa nini hakutumia kisu.

"Kisu hakioni, mwanangu. Nikilitoboa, bei imekufa."

Nilisimama pale kama mjinga, mfuko wa samaki unadondosha maji kwenye viatu.

Haya, yapo ya kukariri. Mifupa 8 ya kifundo cha mkono, jozi 12 za neva za kichwa. Hapo tungeni hata wimbo wa kihuni, sikatazi. Na kweli miili ya kujifunzia maabara ni michache, mnagombania mkono mmoja kama abiria wa daladala ya jioni. Hilo nitaliandikia siku nikiwa nimetulia.

Lakini msiwaambie wadogo zetu kwamba maabara ni mbwembwe. Ureta, mrija unaoshusha mkojo toka figo, inapita chini ya ateri ya mji wa mimba. Sentensi fupi, inakaririka. Anayemtoa mama kizazi huku damu imejaa, asiyewahi kuigusa, ataifunga uzi pamoja na ateri, na yule mama atarudi na figo imevimba.

Sapu ni wiki ijayo. Desa nimelifuta kwenye simu, isipokuwa picha mbili. Zile rangi ni nzuri, jamani.