Leza kwenye kidonda: mashine kwanza au kipimo kwanza?

Mwaka 1967, huko Budapest, daktari Endre Mester alinyoa migongo ya panya na kuwamulika kwa leza ya rubi. Alitaka kurudia jaribio la Marekani lililodai kwamba leza inaua uvimbe wa saratani. Uvimbe haukufa, kwa sababu leza yake ilikuwa na nguvu ndogo mno. Lakini manyoya ya panya waliomulikwa yaliota haraka kuliko ya wenzao, na hapo ndipo tiba ya leza ya nguvu ndogo ilipozaliwa. Kila mara mashine hizi zinapopendekezwa kwa kliniki ya vidonda au ya mifugo hapa Dodoma, inafaa kuikumbuka asili hiyo: fani iliyoanza kwa upungufu wa nguvu hadi leo inasumbuliwa na swali la nguvu.

Wanaoipigania si wababaishaji. Mwanga wa nanomita 600 hadi 1,000 (kipimo cha urefu wa wimbi, ndicho kinachotofautisha rangi za mwanga) hupenya ngozi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hunyonywa na kimeng'enya cha saitokromu c oksidasi ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, seli ikapata nishati zaidi ya kujijenga. Ushahidi mzito kuliko wote uko kinywani. Jumuiya ya kimataifa ya huduma saidizi kwa wagonjwa wa saratani, MASCC, imeipendekeza leza kwa kuzuia vidonda vya mdomo kwa wanaopandikizwa uloto na kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Kwetu hili si jambo la mbali: Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mtoto ambaye dawa kali zimemchubua kinywa chote hali, hanywi, na kila mchubuko ni mlango wa bakteria wakati kinga yake iko chini kabisa. Hapa leza haitafuti kazi. Kazi ipo na inaisubiri.

Sasa tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Mojawapo ya vipimo, yaani dozi, vilivyopendekezwa hutumia mwanga wa nanomita 650, nguvu ya miliwati 40, doa la sentimita ya mraba 0.04, sekunde 2 kila doa. Hesabu yake ni nyepesi: wati 0.04 mara sekunde 2 ni jouli 0.08; gawanya kwa 0.04, unapata jouli 2 kwa kila sentimita ya mraba. Muuguzi anapita ndani ya midomo, mashavuni, pembeni na chini ya ulimi, hadi kaakaa laini, doa baada ya doa, kila siku.

Doa hilo lina kipenyo cha milimita 2 na kidogo. Mtoto akigeuza kichwa na kalamu ya leza ikarudi nyuma kiasi cha mwanga kutanuka na kipenyo kuongezeka mara mbili, eneo linakuwa mara nne na kipimo kinashuka hadi jouli 0.5. Saa ya mashine bado inasoma sekunde 2, na kwenye faili inaandikwa "amepata tiba". Tena dayodi inayotoa mwanga huchoka na umri, na hupungukiwa nguvu inapopata joto. Chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Oktoba si rafiki yake. Kioo cha mbele kikishika vumbi, na vumbi la Dodoma halihitaji utambulisho, mwanga unapungua tena. Nguvu ikishuka hadi miliwati 25, kipimo ni jouli 1.25 badala ya 2. Macho hayawezi kuliona hilo. Mwanga mwekundu wa miliwati 25 unaonekana mkali sawasawa na wa 40.

Upande unaopinga una nguvu hapo hapo. Mwanga kidogo haufanyi kitu, wa kiasi unasaidia, ukizidi unarudisha nyuma. Dawa ya namna hiyo haivumilii kubahatisha. Ndiyo sababu majaribio mengi ya leza kwenye vidonda sugu vya wagonjwa wa kisukari ni vigumu kuyalinganisha: kila mtafiti ametumia rangi yake ya mwanga, nguvu yake na muda wake, na ripoti nyingi huandika namba iliyobandikwa kwenye mashine badala ya nguvu iliyopimwa. Kuna pia suala la ngozi. Melanini, rangi asilia ya ngozi, hunyonya mwanga mwekundu, hivyo kwenye ngozi nyeusi sehemu kubwa ya nishati huishia juu, na mashine ya nguvu kubwa ikishikiliwa sehemu moja inachoma. Kipimo kilichopangwa kwa ngozi nyeupe hakihamishiki hivi hivi.

Kwa wanyama hali ni ya kutatanisha zaidi. Utafiti wa mwaka 2012 ulifuatilia mbwa 36 waliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo: waliopigwa leza walirudi kutembea baada ya siku 3.5 kwa wastani, wengine siku 14. Mwaka 2017 ukaja mwingine wa mbwa 32, ambapo kundi la kulinganishia lilishikiwa mashine isiyotoa mwanga, na tofauti haikuonekana. Mtu anaweza kuchagua utafiti anaoupenda, na wauzaji huchagua ule wa 2012.

Lakini mnyama wa kwetu mwenye vidonda ni punda. Kidonda chake kinajulikana: mgongoni chini ya soji, yaani tandiko la mzigo, au kifuani na chini ya mkia pale kamba ya nailoni inaposugua. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, kabla hujapima madumu yenyewe, wakati punda wa kilo 140 hapaswi kubeba zaidi ya theluthi ya uzito wake. Mulika kidonda hicho Jumatatu, kesho yake punda amerudi kisimani na soji ile ile. Hapa siipi leza nafasi. Apunguziwe mzigo, soji iwekewe mto wenye mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe, kamba ifunikwe kwa kitambaa laini, kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, funza watolewe, na punda apumzike hadi ngozi ifunge. Ukimfanyia yote hayo pamoja na leza akapona, utajuaje kilichomponya? Mpwapwa, ambako utafiti wa mifugo umefanyika tangu 1905, panafaa kwa jaribio la kweli: punda wote wapate matunzo hayo, nusu yao wamulikwe, nusu washikiwe mashine iliyozimwa, na anayepima kidonda kwa kuchora ukingo wake kwenye karatasi angavu asijue yupi ni yupi. Kulinganisha bega la kulia na la kushoto la punda yule yule hakutoshi, maana wapo watafiti wanaodai athari ya leza husambaa mwilini.

Kwa hiyo msimamo wangu uko katikati, ila si katikati sawasawa. Kinywani kwa mgonjwa wa uloto, ndiyo. Kwenye kidonda cha mguu wa kisukari, baada tu ya shinikizo kuondolewa mguuni, maambukizi kutibiwa na mzunguko wa damu kukaguliwa. Kwa punda, bado.

Na popote itakapotumika, oda ya mashine iambatane na kipima nguvu ya mwanga. Kiseti kwa nanomita za leza hiyo, futa kioo, acha mashine ipate moto wa kazi, chukua vipimo vitatu, andika wastani kwenye daftari kila wiki. Viwango vya kimataifa vya leza za tiba vinaruhusu nguvu itofautiane na namba iliyosetiwa kwa asilimia 20 tu. Kwa miliwati 40 ikisoma chini ya 32, mashine ipumzishwe. Miwani nayo iwe ya nanomita zile zile, kwa muuguzi na kwa mgonjwa, kwa kuwa mwanga wa nanomita 810, unaotumiwa na baadhi ya mashine, hauonekani na jicho halifumbi kujikinga. Miwani ya jua haisaidii kitu.